Nilienda Makambako kukagua gari la dizeli, nikakuta injini ya moto na betri iko ndani ya nyumba

Habari za asubuhi wakuu. Mimi si mwandishi, ni bwana mifugo wa Kifanya, Njombe. Nitakachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu, na fundi niliyekuwa naye yupo hai, ni shahidi.

Mwaka jana mke wangu, ambaye ni mwalimu, alihamishiwa shule moja upande wa Mchuchuma, kule Ludewa. Alikuwa na ujauzito wa miezi sita. Anayeijua ile barabara wakati wa mvua atanielewa. Pikipiki haikuwa ya kufikiria tena. Nilihitaji gari la dizeli, four-wheel, lisilonizimikia milimani.

Nikaambiwa kuna mama mjane anauza hardtop ya marehemu mumewe pale Makambako. Tumwite Mama Neema. Anaishi Njombe mjini, mtaa wa Ramadhani, ana duka la vitambaa. Gari aliliacha Makambako kwenye nyumba yao, na nyumba imefungwa tangu msiba.

Sikwenda peke yangu. Nilimchukua fundi wangu, mzee Sanga, mtu wa Makete. Haongei sana, na akiongea ni kuhusu injini tu.

Tulifika saa mbili asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito, nyumba ya jirani huioni. Mama Neema alikuwa ameshafika, amejifunga shuka mbili. Gari lilikuwa nyuma ya nyumba, safi kabisa, nyasi zimelizunguka.

"Lina miezi mitano halijawashwa," akasema.

Fundi Sanga akasogea. Akaweka kiganja juu ya boneti. Akakitoa. Akakiweka tena. Kisha akaniita nami niguse.

Wakuu, boneti lilikuwa na joto. Nyumba nzima, miti, nyasi, kila kitu kimelowa umande wa baridi, lakini lile boneti lilikuwa kavu na lina joto kama mgongo wa ng'ombe.

(Wauzaji wengi hupasha injini moto kabla mteja hajafika ili ubovu usionekane. Nikajua tunapigwa.)

"Mama, nani amewasha gari leo?" Fundi akauliza.

Mama Neema akatazama chini. "Hakuna."

"Betri iko wapi?"

Akaingia ndani, akatoka ameikumbatia betri, ina vumbi. Fundi akafungua boneti: mahali pa betri palikuwa patupu.

Hapo ndipo yule mama akaanza kulia. Akasema, "Kaka zangu, sitawadanganya. Kila nikileta mteja asubuhi, linakuwa hivi. Wawili wameshakimbia. Nimemleta mchungaji akaombea. Mimi mwenyewe siwezi kulala nyumba hii."

Fundi akafunga betri, akazungusha ufunguo, gari likawaka mara moja. Muungurumo mtamu, moshi hakuna. Mtu mwingine angelichukua palepale.

Fundi akalizima. "Hatununui injini ya moto," akasema. "Kesho tunakuja alfajiri. Mama, wewe njoo baadaye."

Tukalala gesti pale Makambako. Mimi kusema kweli sikulala.

Alfajiri, kulipoanza kupambazuka, tukaingia ule uwanja kwa miguu. Ukungu uleule. Nilichokiona kwanza ni wekundu chini ya gari. Kitu kinang'aa pale chini, kinafifia, kinang'aa tena, kama kinapumua. Nikataka kurudi. Fundi akanishika kabuti.

Kisha kivuli kikainuka pembeni ya tairi la mbele. Bibi mmoja, mfupi, amejitanda blanketi, mkononi ana ungo anaopepea nao. Chini ya injini kulikuwa na jiko la mkaa.

Akanitazama mimi, si fundi. Akatabasamu.

"Kamwene mwanangu," akanisalimu. "Umechelewa leo. Moto umeshakolea."

Akaja akanishika shavu. Mkono wake ulikuwa na joto la mkaa.

Fundi akamuuliza taratibu, "Mama, kwa nini unaliwekea moto?"

"Bila moto haliwaki. Si mwenyewe huyu ndiye aliyeniambia, mama niwekee moto nisichelewe safari?" Akanigeukia tena. "Ila lisikuzimikie tena mlimani. Ile siku lilirudi nyuma na wewe."

Aisee. Baridi niliyoisikia pale haikuwa ya Makambako.

Mama Neema alipofika na kumkuta bibi, alikaa chini kwenye nyasi. Bibi huyo alikuwa mama mkwe wake, mama wa marehemu, anaishi nyuma ya ua wa michongoma, na tangu msiba kumbukumbu zake hazipo sawa. Huamka kabla ya jogoo, huweka moto, kukikucha vizuri huchukua jiko lake na kurudi. Siku zote hizo, Mama Neema alidhani ni mzimu wa mumewe.

Nikamuuliza marehemu alifarikije. Hatukuwa tumeuliza.

"Kwenye mlima, njia ya Ludewa," akasema. "Waliniambia ni breki. Nikazitengeneza zote, na bodi nikainyoosha."

Fundi akaliondoa jiko. Tukasubiri mpaka injini ikawa baridi kama jiwe. Akawasha. Likakataa. Akawasha tena, likakohoa, moshi mweupe ukajaa uwanja mzima. Lilipowaka, akafungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, akakiweka juu ya tundu bila kukikaza. Kikarushwa chini. Mvuke ukawa unatoka pale kwa nguvu.

"Ringi za pistoni zimekwisha, compression hakuna, injini haibani hewa," akasema. "Mlimani na mzigo, linakosa nguvu, linazima. Likizima, busta ya breki nayo inakufa, unakanyaga kama unakanyaga ukuta. Mama, breki zilikuwa nzima."

Mama Neema akainuka kwenye nyasi. Baadaye akasema gari hilo halitatoka pale na ile injini ndani yake. Na alitimiza, aliliuza vipande vipande.

Tulipoaga, bibi akatufuata hadi getini. "Mbona huondoki nalo?"

Nikamjibu, "Leo sisafiri, mama."

Akafunga macho. "Asante," akasema. Akarudi, akabeba jiko lake, akaenda kupika uji.

Mimi nililia njia nzima hadi Njombe, sioni aibu kusema. Gari nilipata jingine, mke alijifungua salama.

Nilichojifunza: gari la dizeli likague likiwa baridi, na uguse injini kabla hujaomba ufunguo. Chungulia chini kama kuna majivu, huku kwetu kwenye baridi watu wengi wanaweka moto. Fungua kifuniko cha oili likiwa linaunguruma. Na muulize mwenye gari liliachaje kutembea, hata kama swali ni zito.

Mafundi wa dizeli mliomo humu, ongezeni nilichosahau. Na wengine niambieni, lile jibu nililompa bibi kana kwamba mimi ni mwanaye lilikuwa sahihi? Bado linanisumbua.