Kamba ya Macho ya Hodan

Siku yangu ya kwanza kazini, Dadaab, Daktari Mkuu wa Macho alinikabidhi sanduku la lenzi akasema, "Ukivunja moja, rudi kwa mbuzi wako." Sikuvunja. Niliishia darasa la nne, lakini haukupita muda nikawa napima namba ya miwani kuwashinda vijana wa diploma, na wenyewe wanajua. Nikapelekwa Banissa, kisha Garissa, na hapo nikafungua duka langu la miwani jirani na kliniki. Sikubebwa na mtu.

Watoto wasioona mbali ndio walionishika moyo. Kila mwaka namba inapanda, lenzi inazidi unene. Zamani tulibadilisha miwani, basi. Baadaye yakaja matone ya atropini, dawa hafifu, tone moja kila jicho kabla ya kulala. Hayamsaidii kila mtoto, lakini wengi macho yao hupunguza mwendo wa kuharibika.

Hodan alikuwa na miaka minane, yatima, analelewa Bura na bibi yake, ayeeyo. Miezi sita baada ya kuanza dawa, namba ilikuwa imeruka vibaya. Daktari wa kliniki akagomba: "Ikiendelea hivi, ukubwani jicho laweza kuharibika ndani, miwani isifae kitu. Dawa mlitia?"

Bibi akamshika mtoto mkono, akatoka naye. Nikamwita dukani, nikampa chai.

"Ayeeyo, niambie mimi."

"Nilitia mwezi mzima. Akivua miwani, bado hanioni. Nikasema dawa hii haifai mtu. Iliyobaki nikamtilia ndama wa ngamia, macho yalikuwa yanamtoka machozi."

"Akapona?"

"Wallahi, sasa anakuona kabla hujamwona."

Tulicheka, kisha yeye akalia. "Nimempofusha mtoto wa marehemu?"

"Hapana, bado hatujachelewa. Ngamia ukimfunga kamba miguuni, kamba inamrudisha alikotoka?"

"La. Inamzuia asizidi kwenda."

"Basi ndiyo dawa hiyo."

Akanitazama sana. "Mbona daktari hakusema hivyo?"

"Daktari hana ngamia."

Nimestaafu sasa, hata mimi nasoma kwa miwani. Vijana, mashine zenu zinashinda zangu zote. Lakini muulizeni anayetia dawa anangojea nini kutoka kwayo.

Ayeeyo alirudia kutia dawa kila usiku; mwaka uliofuata chai ile nilimpima Hodan mara tatu, maana sikujiamini, mimi! Namba ilikuwa imesogea kidogo mno. Nilipomwambia ayeeyo, alimvua mtoto miwani, akaipangusa kwa ncha ya shali yake, akamvisha tena taratibu, sikio hili, kisha lile.