Sufuria za Matanga

Mwaka wa tisini na sita, vyuma vikuukuu vyote vya Homa Bay vilipita kwenye mizani ya Monicah, na nani angebisha? Leseni yake ilining'inia ukutani ndani ya fremu, safi kuliko cheti chake cha ndoa. Polisi walipokuja kutafuta nyaya za simu zilizoibwa, waliisoma, wakanywa soda, wakaenda zao. Monicah aliijua sheria: nyaya za simu asiguse, za stima asiguse. Sufuria je? Sheria haijawahi kupika.

Basi vijana wakamletea sufuria kubwa kubwa, zimepondwa kwa mawe. Alipozigeuza aliona chini yake vitundu vya msumari, alama ya kikundi cha akina mama kinachoongozwa na jirani yake Rael, wanaozikopesha bure kila penye msiba. Na miaka ile, ndugu yangu, misiba ilizidi harusi. Monicah aliijua alama hiyo. Vyakula vya humo alishavila mara nyingi. Akazipima, akalipa, lori la Kisumu likazibeba.

Haukupita muda, mumewe Maurice, aliyekuwa akikonda tangu Krismasi, akafariki.

Boma likajaa. Wakwe wametoka Mbita, mashemeji wametoka Sori, fahali kachinjwa, na chombo cha kumpikia hakuna. Sasa wewe mzike Mjaluo halafu wageni walale njaa, uone kama mjane atatazamwa tena usoni. Monicah alituma watu kwa Rael, wakarudi mikono mitupu. Akaenda mwenyewe, bila viatu.

Rael alimpa kiti.

"Pole, Mama Tony. Maurice alikuwa mtu wa watu."

"Nisaidie sufuria, nyieka, mke mwenzangu. Hata mbili tu."

"Si zilikuja kwako?"

Monicah akajitetea kwamba yeye hununua tu, hajaiba cha mtu, na leseni anayo.

"Basi pikia kwenye leseni," Rael akasema taratibu, akarudi kuchambua maharagwe yake.

Monicah akakata pipa la dizeli lililokuwa uani kwake, akalisugua kwa mchanga na jivu mpaka vidole vikachubuka. Maurice akazikwa. Akina mama wa kikundi walikuja wote, wakamlilia vizuri, maana hawakuwa na ugomvi na marehemu. Kisha nyama ikapakuliwa kutoka pipani.

Shemeji mkubwa alitafuna mara moja, akatema kando ya kaburi bichi, akaomba maji.