Kitenge juu ya plaki ya jua

Leo saa sita ya mchana nilikuta plaki yetu ya jua imefunikwa kitenge.

Bandugu, hapa dispansere ya Kasungami, ile plaki iko juu ya bati njo inalisha umeme frigo ya vaccin, dawa ya chanjo ya batoto. Na bamama basha kujaa inje na batoto mu mugongo.

Frigo inaanza kupata moto. Miye infirmière, muuguzi wa hapa, nikatoka mbio.

Nikaita Papa Kalenga, ule alikuwa anachunga groupe yetu ya mazout, ile mashine ya umeme, mbele mazout ikose mu muji.

"Papa, nani alifunika plaki?"

"Ni miye, mama. Inatumika tangu asubui. Groupe, usipoipumuzisha saa sita, inaungua."

Kumbe kila siku, saa jua iko kali zaidi, yeye anaifunika. Na miye, kila kuona frigo inapoteza baridi, nilisema hii kintu ni ya bongo, ya uongo tu.

Nikamuelezea: hii haina mafuta, haina moshi, haina kelele. Haichoke.

Akapanda, akatosha kitenge. Kisha kidogo, frigo ikaanza kunguruma. Baridi ikarudia.

Papa Kalenga akaangalia ile plaki kama muntu anaona bibi-arusi.

"Haikule mazout, na haichoke?"

"Hapana, papa."

Akatandika kile kitenge mu kivuli ya ukuta, akalala.

"Basi miye njo nipumuzike."

Na leo ni salongo, kazi ya usafi ya bote, kila muntu iko na fagio mu mukono, chef wa cité, mukubwa wa mtaa, anapita kuangalia nani hafanye kazi.

Niambieni, nyinyi mungemulamusha mu usingizi?