Paa Jipya la Gari la Maharusi

Tangu mumewe afariki, Ndindi aliishi mtaa wa Lucky Summer kwa shemeji yake, Kimeu, katika chumba kilichokuwa nyuma ya gereji. Watu wa kanisani walimwambia ana bahati. Wajane wengine hurudishwa kwao Kitui na mizigo yao. Yeye alipewa chumba, cherehani na kazi ya kushona viti vya magari. Mshahara haukutajwa. Kila alipotaka kuuliza, Kimeu alikuwa ameshaleta unga, au amemnunulia Elsie, binti wa Ndindi, viatu vya shule, na swali likaishia mdomoni.

Gari ambalo Kimeu alilipenda kuliko yote lilikuwa jeupe, lenye paa la turubai linalokunjwa. Alilikodisha kwa maharusi. Bibi harusi alisimama ndani, paa limekunjwa nyuma, shela inapepea hadi kanisani. Lakini turubai lilikuwa limechakaa na kuchanika penye mikunjo, na dirisha la nyuma, ambalo ni la plastiki, lilikuwa limegeuka rangi ya chai, halionyeshi kitu. Kwa miaka mingi Ndindi alilitia viraka. Mwezi wa Mei mvua ikamnyeshea bibi harusi ndani ya gari, paa likiwa limefungwa, na hapo Kimeu akakubali lishonwe jipya.

Ni wakati huo Wangeci, fundi wa viti mwenye kibanda katika soko la Gikomba, alipompigia Ndindi simu.

"Njoo tushone pamoja. Kazi huku imenishinda, na kila Jumamosi utapata chako."

Jioni Ndindi alimweleza Kimeu, akiwa amesimama mlangoni kwake kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Kimeu hakukasirika. Alicheka tu.

"Mama Elsie, ukienda, gari litashonwa na nani? Na wewe utalala wapi?"

Ndindi akarudi chumbani, akamwambia Wangeci bado.

Alilishona paa lile mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali. Alibandua turubai kuukuu, akakwangua gundi iliyokauka kwenye fremu, akakata jipya kwa kufuata la zamani. Plastiki aliianika kila jua lilipochungulia, ilainike, kisha akaishona kwa mishono mirefu, maana mishono ya karibukaribu huitoboa hadi ikachanikia hapohapo. Alipomaliza alikaa kiti cha nyuma, akageuka kutazama. Ukuta wa jirani ulionekana wazi, tofali kwa tofali. Alifurahi.

"Lisikunjwe kwanza," alimwambia Kimeu. "Liache limefungwa, turubai livutike vizuri. Na asubuhi ya baridi usilikunje kabisa. Plastiki itapasuka."

Asubuhi iliyofuata Kimeu akapiga simu.

"Nakuja na wateja. Wanataka kuliona likiwa wazi."

"Shemeji, jua halijatoka."

"Mama Elsie, niko nao hapa. Likunje."

Kazi hiyo hufanywa na watu wawili, mmoja kila upande. Ndindi alikuwa peke yake. Alitandika blanketi juu ya plastiki ili isijikunje vibaya, akaanza kuvuta fremu taratibu. Ilipofika nyuma ikamponyoka, ikaanguka, na bawaba ikambana vidole vya mkono wa kushoto. Alijaribu kuinua kwa mkono wa kulia. Fremu ikazidi kulalia upande wa pili. Akaita. Kwa jirani walikuwa wakikata vyuma, hakuna aliyesikia. Akabaki ameinamia mlango wa gari, machozi yakimtoka, akiogopa hata kuhema kwa nguvu.

Hatimaye geti likafunguliwa. Kimeu aliingia na wateja wake, kijana mmoja na mchumba wa kijana huyo, Tiffany.

"Shemeji, mkono," Ndindi alisema.

Kimeu akakimbia. Akafika, akainama, akatazama dirisha.

"Usivute! Utaipasua plastiki!"

Ni Tiffany aliyetupa mkoba chini, akashika fremu upande wa pili na kuinua kwa nguvu zake zote. "Mzee, si umsaidie! Mkono wake umebanwa!"

Vidole viwili vilikuwa vimevunjika. Huko zahanati Kimeu alikaa kando yake, akamwambia kwa upole, "Pole sana, Mama Elsie. Lakini Mungu ni mwema, dirisha halikupasuka." Kilichomuuma Ndindi zaidi ni kwamba Kimeu hakuwa na nia mbaya. Alidhani anamfariji.

Usiku ulipoingia akampigia Wangeci. "Nakuja. Lakini mkono mmoja haufanyi kazi."

"Njoo na huo mwingine," Wangeci akasema.

Sasa anashona Gikomba, kwa cherehani ya Wangeci. Vidole vile havikunjiki vizuri. Jioni bado anarudi kulala Lucky Summer, kwa sababu chumba alichoahidiwa mtaa wa Majengo hakijahamwa na mpangaji. Mwenye nyumba anasema mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi unakuja na kupita. Kimeu humsalimia kwa neno moja. Elsie ameshapakia vitabu vyake kwenye katoni. Akitaka kusoma anatoa kimoja, na akimaliza anakirudisha.