Picha Yenye Miguu

Hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, mteja akipokea picha yake huanza kutazama chini, kuona kama viatu vimetokea. Ukimkata kiunoni atakuuliza: "Weye, miye ni nusu mutu?" Sisi wapiga picha vijana tulicheka desturi hiyo. Tulikuwa tumejifunza kwamba picha nzuri ya mtu, portre, hupigwa kwa karibu: uso, mabega na mwanga.

Msichana niliyempiga picha mara nyingi alikuwa akivaa nguo za mafundi cherehani ili wateja wazione. Alikimbia vita kutoka Djugu na mjomba wake. Mama yake alikimbilia Tchomia, kando ya ziwa. Mtu fulani alimpelekea mama habari kwamba binti yake alikatwa mguu njiani. Binti alimpigia simu, akaapa kwamba ni mzima, lakini mama hakutulia. Sauti haionyeshi miguu, alisema, na mtandao wa kule haubebi video. Asipoona picha atapanda pikipiki aje mwenyewe, na kwenye barabara ile watu walikuwa wakiuawa.

"Yaya, unipige foto," msichana aliniambia, kama mtu anavyomwita ndugu yake mkubwa. "Mama asitoke."

Tulitoka jioni, jua lilipolegea. Ili aenee mzima ilinibidi nirudi nyuma, na kila niliporudi nyuma kitu kiliingia ndani ya picha. Kwanza waya wa miiba juu ya ukuta. Tukahama; yakaingia magunia ya mchanga, na askari akanyoosha kidole: "Weye wa kamera! Geuza ile kitu!" Tukahamia kwenye uwanja wenye mahema ya waliokimbia vita. Msichana alikataa. Mama angedhani analala humo.

Basi nikamsogelea. Nilimkata kiunoni, mikaratusi nyuma yake ikageuka kijani kisicho na umbo, mwanga ukakaa kwenye shavu. Sikuwahi kumpiga picha nzuri kuliko hiyo.

Tulirudi kwenye ua wa nyumba yangu, ambako wapiga picha wenzangu hukutana kukosoana. Sheria yetu ni kwamba hakuna kusifu kabla kila mmoja hajataja kosa.

"Mukono umelala," alisema wa kwanza.

"Juu umemubana, kichwa inagonga."

"Lakini hii ni ya kuweka ukutani," alisema mkubwa wetu.

Msichana alichukua kamera. "Miguu iko wapi?"

"Mudogo, portre haina miguu," mmoja wetu alimwambia.

"Mama akiona hii, atasema ni kweli walimukata, sasa munamuficha."

Mwanga ulikuwa umebaki kidogo. Nilimsimamisha palepale, mbele ya uzio wa mabati, mgongo wangu ukigusa ukuta wa upande wa pili. Hapakuwa na nafasi ya kupanga lolote. Alivua viatu, akasimama wima kama mtu wa picha ya kitambulisho. Ndipo wenzangu wakaanza kukosoa tena.

"Pandisha rinda, magoti ionekane."

"Inua huu moja. Sasa ule mwingine."

"Kama kuku ya mvua!" mkubwa wetu alisema, na msichana akacheka mguu ukiwa hewani. Nilipiga picha zote hizo, tukazituma kwenye simu ya jirani wa mama yake.

Asubuhi alikuja kwangu na jibu, ujumbe wa sauti. Tuliusikiliza tumesimama mlangoni.

"Nimeona, mutoto yangu. Iko yote mbili, Mungu asifiwe. Basi sitakuja tena. Ubaki kule, miye nibaki huku."

Aliurudia, simu ikiwa sikioni, akangoja mpaka ulipokatika.

"Hakusema mpaka siku gani?" nilimuuliza.

"Hakusema."

Aliniuliza kama nimewahi kumpiga picha mtu aliyetoka Tchomia akafika hapa salama. Nilimwambia ndiyo, wengi.

"Mwaka huu?"

Nilimwambia hapana.