Kasuku Arudi Kwenye Mashine

Kiwandani walimwita Kasuku, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mama huyo akishaanza soga, uzi utaisha yeye bado. Lakini maradhi hayana adabu, yakamshika kooni hapohapo. Daktari akapasua, akatoa uvimbe, na sauti ikaenda nao moja kwa moja.

Muda wote wa likizo ya ugonjwa alijificha. Wenzake wakija kumjulia hali, mumewe aliwaambia mlangoni kwamba mgonjwa amelala. Hakutaka kuhurumiwa. Kilichomtia hofu ni cheti cha mwisho cha daktari: arudi kazini kwa majaribio ya siku moja, na asipoweza kuelewana na wenzake, astaafishwe. Mtu aliyefuma nguo tangu usichana wake, akae nyumbani kuhesabu boriti!

Msimamizi alikisoma cheti, akakikunja, hakumwambia mtu. Akampeleka kwenye mashine yake ya zamani. Zamu ya usiku ilikuwa ikitoka, lakini pale mashine hazizimwi mpaka saa ya chakula, na zikinguruma, hata ukipiga kelele jirani hakusikii. Ndiyo maana wafumaji huzungumza kwa midomo na mikono, bila sauti.

Jirani yake, mfumaji mnene anayemwita dada, alimwona, akarusha mikono juu. Umepona? Kasuku akajibu kwa midomo kwamba kifo kimemwonja kikamtema. Basi wewe! Umbea ukamwagika: nani kaolewa, nani kanuna, nani kajifanya mgonjwa. Kasuku akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Ndipo mwili ukamsisimka. Mungu mkubwa, asubuhi nzima alikuwa akiongea, na hakuna aliyegundua kitu.

Kisha mashine zikazimwa.

"Dada, twende tukale," jirani akasema kwa sauti. "Mbona umesimama?"

Kasuku alilegeza kitambaa shingoni, kovu likaonekana. Midomo yake ikasema: sauti imekwenda, mdogo wangu, hairudi tena.

Jirani alilitazama lile kovu, machozi yakamlenga. Akayafuta kwa kiganja. Akajibu naye kwa midomo tu: hujaniambia, huyo bibi harusi unamwonaje?

Mfumaji wa nyuma yao akaona, akakata sentensi yake katikati, akaimalizia kwa mikono. Na wa nyuma yake vilevile. Safu nzima ikatoka kwenda kula ikipiga soga, wala husikii ila viatu sakafuni. Kasuku alitembea katikati yao akigeuza shingo huku na huku, maana kila mtu alikuwa na la kumwambia.