Gari yangu sasa inavuma kama ya marehemu

Hakuna fundi wa gari Unguja hii ambaye hakupita mikononi mwangu. Haya, uongo huo. Nilichowahi kufanya gereji ni kushika tochi, na hata hiyo nilikuwa nnamulika pembeni. Nina miaka sabini na tatu, nakaa Mbweni. Mwenye ukurasa, jina langu lifukie, maana huku nnamtania kila mtu na wanangoja zamu yao.

Nilikuwa na sahibu yangu, jirani. Huwezi kufika kwangu bila kupita mlangoni kwake. Sote tulikuwa na vigari vidogo vya zamani, vya kampuni moja, ila magurudumu yangu yakishikwa na nati nne, yake tano. Akinicheka: "Nati nne ni kitanda cha matendegu matatu." Majuzi akafariki, Mungu amrehemu.

Mkewe akakaa eda. Mwanawe mkubwa akaniletea magurudumu yote ya baba yake.

"Shikamoo ami. Mama kasema hii sadaka ya baba. Uyatumie, usiyauze."

"Marahaba." Ningesema nini tena? Sadaka ya marehemu hairudishwi, wala haisukumwi uvunguni. Nikayapeleka kwa fundi.

"Mzee, haya tundu tano, gari yako nne."

"Toboa ya tano."

"Nikitoboa utamfuata sahibu yako. Lete na habu zake, pale gurudumu linapofungiwa. Gari hizi ndugu, zitakaa."

Tukazichomoa kwenye gari yake iliyolala uani, na beringi zake humo humo. Nikawa mtu wa nati tano.

Nikasahau jambo moja. Gari ya yule bwana ilikuwa ikivuma miaka yote, uuuu, kwa beringi zilizochoka na ubahili wake. Mtaa ukijua anarudi kabla hajaonekana. Mkewe akisikia tu, huteleka chai.

Siku ya mwanzo nikapita pale baada ya alasiri, gari inavuma. Kesho yake mwanawe akanambia mama alinyanyuka, akateleka birika, akatoa vikombe viwili, kisha akakaa chini jikoni.

Nikaenda kuomba radhi. Mwenye eda haonani na wanaume wa nje, nikasimama nyuma ya pazia.

"Bi mkubwa, ile si gari yake, ni bati langu. Kesho nnabadilisha beringi."

"Nnajua, shemeji. Mume wangu nshamzika, sikurukwa na akili. Wewe pita tu."

"Itakutesa."

"Kinachonitesa ni kimya. Pita mpaka nitoke eda."

Basi napita. Na mimi na mizaha yangu, ndani ya gari hiyo sina mzaha. Kiti cha kushoto sikalishi mtu, hata mkoba naweka nyuma. Ikianza kuvuma natoa salamu, halafu natega sikio, kama mtu anayengoja kuitikiwa.

Juzi fundi akalitikisa gurudumu la mbele, likacheza. "Mzee, hili litachomoka njiani. Sitaki kuja kula wali wa hitma yako." Na asubuhi nawapeleka wajukuu skuli kwa gari hiyo hiyo.

Bi mkubwa hajafika hata nusu ya eda. Nikibadilisha, namzikia mumewe mara ya pili. Nikiacha, nnacheza na roho za watoto. Nyinyi mnaosoma, nambieni nishike lipi, na kucheka mcheke baadaye.

Na wewe wa Kizimbani niliyekunasua matopeni, ukaondoka na jeki yangu: ilete kabla ya Ijumaa. Wakisema nibadilishe, sitaki kukosa jeki kunipe nafasi ya kughairi.